MOTO WA MAKUMBI: Namna Maradhi ya Muda Mrefu Yanavyofika Kwenye Figo na Ini

(Mada iliyosomwa mbele ya vijana na wazazi baada ya tarawehe, na hapa imeandikwa kwa ajili ya msomaji)



 

Wazazi wangu, mashekhe zetu, ndugu zangu vijana wa kike na wa kiume, na wewe ndugu msomaji ambaye pengine unasoma ukurasa huu ukingojea adhana ya magharibi: mada niliyopewa ni ya afya. Kila Ramadhani huandikwa habari za kisukari, presha na vidonda vya tumbo. Ni sawa, maana hayo ndiyo yaliyojaa majumbani mwetu. Lakini leo nataka tuzungumze kuhusu ugonjwa ambao wengi wetu hata jina lake hatujalisikia. Unaitwa amiloidosisi.

Usitishwe na jina. Kabla hatujamaliza utaona kwamba unaanzia kwenye mambo unayoyajua vizuri sana: kifua kikuu ambacho dozi yake haikumalizwa, mfupa uliovunjika ukawa unatoa usaha mwaka nenda mwaka rudi, viungo vinavyovimba kila asubuhi, na vidonda ambavyo mtu anavificha chini ya shati la mikono mirefu.

Mimi si daktari. Ni mwanafunzi ninayesomea kazi ya maabara, na hapa nitasema kwa lugha ya nyumbani.

MWILI UNAPOWAKA

Hebu tuanze na jambo dogo. Unakata matunda ya futari, kisu kinateleza, unajikata kidole. Baada ya saa chache kidole kinakuwa chekundu, kinapata moto, kinavimba na kinauma. Hali hiyo tuiite mwako. Mwako si adui yako. Ni askari wa mwili, zile seli nyeupe za damu, wamefika mahali pa hatari kupambana na vijidudu na kutengeneza palipoharibika. Baada ya siku kadhaa kazi imekwisha, uvimbe unashuka, ngozi inaunga. Mwako umewaka, umefanya kazi yake, umezimika. Ndivyo inavyotakiwa.

Shida ni mwako usiozimika. Sisi watu wa pwani tunajua tofauti ya moto wa kuni na moto wa makumbi. Moto wa kuni unauona, una ndimi, una mwanga, na ukiisha umeisha. Makumbi ya nazi yakishika moto huoni kitu. Juu ni majivu matupu, chini yanaungua polepole, na kesho asubuhi ukiyafukua bado yana moto wa kukuchoma. Kuna maradhi yanayowaka mwilini namna hiyo hiyo. Mtu anakwenda kazini, anakwenda msikitini, anacheka na wenzake, na ndani moto haujazimika kwa miaka kumi.

INI LINAINGIA VIPI?

Sasa utauliza, mfupa wa mguu unaotoa usaha una uhusiano gani na ini? Hapa ndipo penye ajabu.

Ini letu liko upande wa kulia, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima lina uzito wa kama kilo moja na nusu. Kazi zake ni nyingi. Sasa hivi ukiwa umefunga, ini ndilo linalotoa sukari lililoiweka akiba ili ubongo wako usikose nguvu mpaka magharibi. Ini pia linasafisha sumu, na ini ndicho kiwanda cha protini nyingi zilizomo katika damu.

Mwako unapoanza popote mwilini, seli nyeupe hutuma ujumbe kwa njia ya damu. Mjumbe mkubwa anaitwa intalukini-6. Ujumbe ukifika kwenye ini, ini huacha mambo mengine na kuanza kutengeneza protini za dharura. Moja ni ile CRP ambayo madaktari huipima kujua kama mwili una mwako. Nyingine, ambayo ndiyo habari yetu leo, inaitwa kwa herufi tatu: SAA. Mtu mzima wa afya ana miligramu chache tu za SAA katika lita moja ya damu. Mwako mkali ukianza, kiasi hicho kinaweza kupanda hata mara 1,000 kwa siku moja au mbili. Mwako ukizimika, kinashuka tena baada ya siku chache, wala hakuna madhara.

Lakini je, mwako usipozimika? Ini halina njia ya kujua kwamba dharura hii imegeuka mazoea. Litaendelea kutii. Mfano wake ni mama aliyeambiwa leo kuna wageni hamsini wa futari. Akapika sufuria kubwa. Kesho akaambiwa tena wageni hamsini, na keshokutwa, na mwezi mzima, na mwaka mzima. Chakula kinazidi walaji. Kinabaki, kinaganda, kinashikana na sufuria mpaka hakibanduki.

Ndivyo SAA inavyofanya. Ikibaki juu kwa miaka, vipande vyake hujikunja vibaya, vikashikana kimoja kwa kingine na kuwa nyuzi nyembamba mno ambazo huonekana kwa hadubini ya elektroni tu. Nyuzi hizo ndizo amiloidi. Ni ngumu, na mwili unashindwa kuziyeyusha kwa haraka. Damu inazibeba protini hizo kila mahali, na nyuzi zinajijenga katika kuta za mishipa na katikati ya seli za viungo, kidogo kidogo, bila maumivu. Aina hii, inayotokana na mwako wa muda mrefu, madaktari wanaiita amiloidosisi ya AA.

Nisikutie hofu bure. Si kila mwenye maradhi ya muda mrefu hupata amiloidosisi. Wanaopata ni wachache, na kwa kawaida huchukua miaka mingi. Lakini hakuna njia rahisi ya kujua mapema ni nani atakayepata, kwa hivyo anayejua ana mwako usiozimika ndiye wa kujihadhari.

JINA LILITOKA WAPI

Mwaka 1842 huko Vienna, daktari Rokitansky alieleza maini aliyoyaona katika maiti za watu waliougua muda mrefu maradhi kama kifua kikuu na kaswende. Yalikuwa makubwa, magumu, yaking'aa kama mafuta yaliyoganda. Mwaka 1854 Mjerumani Rudolf Virchow aliutia mkusanyiko alioukuta mwilini dawa ya ayodini, ukageuka rangi kama wanga unavyogeuka. Akauita amiloidi, kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya wanga. Mwaka 1859 Wajerumani wengine wawili, Friedreich na Kekulé, waliupima wakakuta si wanga, ni protini. Lakini jina lilikuwa limeshashika.

Kuna jina jingine linalotugusa sisi Waafrika. Rangi inayotumika mpaka leo maabara kutambua amiloidi inaitwa Nyekundu ya Kongo. Haitoki Kongo hata kidogo. Ni rangi ya kutia nguo iliyoingia sokoni Ujerumani mwaka 1885, wakati mataifa ya Ulaya yalipokutana Berlin kugawana Afrika na Kongo ilikuwa katika kila gazeti. Wauzaji wakaona jina hilo litavuta wateja. Mwaka 1922 daktari Bennhold akagundua kwamba rangi hiyo inashikamana na amiloidi. Ukiitazama kwa hadubini yenye mwanga maalumu, amiloidi inang'aa kijani kama tufaha bichi. Miaka zaidi ya mia imepita, na bado ndicho kipimo tunachofundishwa darasani.

VIUNGO VINAVYOATHIRIKA

Figo. Hapa ndipo madhara yanapoonekana kwanza. Kila figo ina vichujio vidogo kama milioni moja. Nyuzi za amiloidi zikijaa kwenye vichujio, vinatoboka kama chujio kuukuu la chai. Protini ambayo ingebaki katika damu inapita kwenye mkojo. Dalili yake ni mkojo wenye povu lisiloisha haraka, kama la sabuni. Baadaye uso unavimba asubuhi, miguu inavimba jioni, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki. Mwisho figo zinaanza kushindwa kazi. Mwaka 2007 madaktari wa London walichapisha habari za wagonjwa 374 wa amiloidosisi ya AA, na karibu wote walikuwa tayari na kasoro ya figo. Nusu yao walikuwa wameishi na mwako kwa miaka 17 au zaidi kabla ugonjwa huu haujatambuliwa.

Ini. Hili ndilo linalotengeneza SAA, lakini lenyewe huumia baadaye. Katika wagonjwa wale wa London, kama robo tu ndio waliokuwa na amiloidi katika ini. Inapoingia, hukaa katika kuta za mishipa na kuzibana seli za ini mpaka zinasinyaa. Ini linakuwa kubwa na gumu, daktari anaweza kuligusa chini ya mbavu. Na hapa pana mtego: vipimo vya kazi ya ini vinaweza kutoka karibu sawa kabisa. Mara nyingi kinachopanda ni kimeng'enya kimoja tu, kinachoitwa alkalini fosfatezi. Macho kuwa manjano ni jambo la nadra na la mwisho mwisho. Kwa hivyo mtu asiseme, "Macho yangu meupe, ini langu zima." Amiloidi ikishaonekana katika ini, maana yake mzigo mwilini umekuwa mkubwa, na hali ya mgonjwa ni nzito zaidi.

Tafadhali usichanganye ugonjwa huu na homa ya ini ya aina ya B. Ile inatokana na kirusi na inaambukiza. Amiloidosisi hii humpati jirani yako kwa kula naye sahani moja wala kwa kumuuguza.

Bandama. Iko upande wa kushoto, na kwa wagonjwa hawa karibu kila mara huwa na amiloidi. Wakati mwingine inavimba, mara nyingi haisemi kitu.

Matumbo na tezi. Amiloidi ikiingia matumboni mtu huharisha, chakula hakifyonzwi vizuri, anakonda, na pengine anatoka damu. Ikiingia katika tezi zilizo juu ya figo, mtu huchoka kupita kiasi na presha yake kushuka.

Moyo. Katika aina hii ya AA moyo huguswa mara chache. Ziko aina nyingine za amiloidosisi, kama ile inayotokana na seli za uboho wa mifupa, ambazo hushambulia moyo vibaya. Hizo zina chanzo chake na tiba yake, na si mada yetu ya leo.

Hata wanyama hawakusalimika. Duma wanaofugwa katika bustani za wanyama za nje hufa kwa wingi kwa amiloidosisi hii ya figo na ini, na wengi wao hukutwa na mwako wa tumbo wa muda mrefu. Duma wa porini hawaugui kwa kiasi hicho. Yaani moto ni mmoja, uwe kwa binadamu au kwa mnyama.

NI NANI AJIHADHARI?

Kwanza, mgonjwa wa kifua kikuu. Kabla ya dawa za kuua vijidudu kupatikana katika miaka ya 1940, kifua kikuu kilikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya amiloidosisi Ulaya. Leo kwao kimepungua, na chanzo kikubwa ni maradhi ya viungo; katika wagonjwa 374 wa London, maradhi hayo yalikuwa asilimia 60. Lakini katika nchi kama India kifua kikuu kimebaki chanzo kikubwa, na sisi hapa Kenya kifua kikuu bado tunacho. Matibabu ya kawaida ni miezi sita na dawa katika hospitali za serikali ni bure. Sasa hebu tuwe wakweli. Wangapi mtaani, baada ya miezi miwili kikohozi kimekatika na mwili umerudi, wanasema, "Mimi nishapona"? Kikohozi kimekatika kwa sababu majivu yamefunika moto. Chini makumbi yanaungua. Ugonjwa unarudi, safari hii umezizoea dawa, na mwako unaanza upya.

Pili, mwenye mfupa au kidonda kisichopona. Kijana ameanguka na bodaboda, mfupa umetoka nje, amepelekwa kufungwa vijiti nyumbani. Umeunga, alhamdulillahi, lakini kuna tundu dogo linatoa usaha. Anaweka kitambaa, maisha yanaendelea. Mwaka wa tatu, wa tano, wa nane. Huo si usaha wa kuzoea. Ni mfupa ulioingia vijidudu, na unahitaji dawa za muda mrefu na mara nyingine upasuaji. Vivyo hivyo mapafu yaliyoharibika yanayotoa makohozi mengi kila siku, vidonda vya mgongo vya mtu aliyelala muda mrefu, na ukoma uliochelewa kutibiwa.

Tatu, mwenye viungo vinavyovimba. Baridi yabisi si ugonjwa wa wazee peke yao. Huwapata hata wasichana wa miaka ishirini, na watoto pia wana aina yao. Dalili yake ni viungo vya vidole na viwiko kukakamaa asubuhi zaidi ya saa nzima, kuvimba pande zote mbili, na uchovu. Kwetu mtu kama huyu husuguliwa mafuta, husomewa, na hununuliwa dawa za maumivu dukani. Sikatazi dua, dua ni silaha ya Muislamu. Wala mafuta ya kusugua hayana ubaya. Lakini dawa ya maumivu haizimi mwako huu. Inanyamazisha tu kengele. Na dawa hizo zikinywewa miaka mfululizo, hasa mtu akiwa hana maji mwilini, zinaumiza figo zile zile tunazozungumzia. Ziko dawa za kuutuliza ugonjwa wenyewe, na daktari ndiye wa kuzipanga.

Nne, na hapa naomba wazazi mnisikilize kwa moyo: vijana wetu wanaojidunga unga. Mnajua hali ilivyo Mombasa, Malindi na Lamu. Sina haja ya kusimulia. Tunachokizungumza kila siku ni UKIMWI na homa ya ini kwa kushirikiana sindano. Kuna jingine. Mishipa ikishaharibika, mtu huanza kudunga chini ya ngozi. Hapo panatokea majipu na vidonda visivyokauka, mikononi na mapajani. Tangu miaka ya 1970 na 1980 madaktari wa New York walianza kueleza habari za watu wa namna hiyo, wenye vidonda vya miaka, waliofika hospitali wakiwa wamevimba mwili na figo zimejaa amiloidi. Baadaye San Francisco na London wakaona hivyo hivyo. Walikuwa watu wa makamo, na wengine vijana.

Kijana huyu tukimwita teja na kumfukuza barazani, vidonda atavificha. Na wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Mvue shati mwanao umtazame mikono. Mpeleke akasafishwe vidonda. Dawa ya methadoni inayosaidia kuacha unga imekuwa ikitolewa Malindi na Kisauni. Kidonda kikipona na sindano ikiachwa, moto mmoja umezimwa.

INAGUNDULIWAJE?

Jambo la kufurahisha ni kwamba hatua ya kwanza ni rahisi mno. Ni kipimo cha mkojo. Kijiti kidogo chenye rangi kinachovywa katika mkojo, na kwa dakika moja kinaonyesha kama kuna protini. Zahanati ndogo inaweza kukifanya na gharama yake si kubwa. Mtu mwenye ugonjwa wowote kati ya tuliyoyataja angepimwa mkojo angalau mara moja kwa mwaka, hata kama hana dalili.

Protini ikionekana, isikupe hofu moja kwa moja, maana kisukari, presha na hata homa huweza kuileta. Daktari atapima tena, atapima damu na kazi ya figo. Akishuku amiloidi, atachukua kipande kidogo cha mafuta ya tumbo kwa sindano, au kipande cha figo, kipakwe ile Nyekundu ya Kongo na kutazamwa kwa hadubini. Kipande cha ini hakichukuliwi ovyo, kwa sababu ini lenye amiloidi huweza kutoka damu nyingi.

Lililo muhimu ni wewe kumwambia daktari historia yako yote. Usiseme tu, "Miguu imevimba." Sema, "Na nina mfupa unaotoa usaha tangu nikiwa darasa la saba." Daktari hawezi kuunganisha jambo ambalo hukumwambia.

JE, KUNA TIBA?

Ipo, na ndiyo iliyonifanya niichague mada hii. Tiba kubwa ni kuuzima mwako wenyewe. Ini likiacha kupokea ujumbe wa dharura, linaacha kumwaga SAA, na mkusanyiko unasimama. Katika utafiti ule wa London, wagonjwa ambao SAA yao ilishushwa chini ya miligramu 10 kwa lita, asilimia 60 amiloidi yao ilianza kupungua. Na wale wenye SAA ya juu kabisa, miligramu 155 na zaidi, hatari yao ya kufa ilikuwa mara 17.7 ya wale walio chini ya 4. Ugonjwa ni ule ule. Kilichowatofautisha ni moto uliozimwa na moto ulioachwa.

Mfano wa pili nimeupenda zaidi. Kuna ugonjwa wa kurithi unaopatikana kwa Waturuki, Waarmenia, Wayahudi na Waarabu wa upande wa Shamu. Mtu hushikwa na homa na maumivu makali ya tumbo siku mbili tatu, yakaisha, yakarudi tena, maisha yake yote. Zamani wengi wao walikufa kwa figo wakiwa bado vijana, kwa sababu ya amiloidosisi. Mwaka 1972 ikagundulika kwamba dawa ya kolchisini inazuia homa zile. Dawa hiyo inatokana na mmea ambao matabibu wa Kiislamu wa zamani waliujua kwa jina la suranjani na kuutumia kwa maumivu ya viungo. Mwaka 1986 ukachapishwa utafiti wa wagonjwa 960 ambao walikuwa hawajapata amiloidosisi. Waliomeza dawa kila siku walikuwa 906, na kati yao wanne tu ndio waliopata protini katika mkojo. Waliokiri kwamba hawakumeza inavyotakiwa walikuwa 54, na kati yao walipata 16.

Ndugu msomaji, soma tena hesabu hiyo. Wanne katika 906, na 16 katika 54. Ugonjwa ni mmoja, dawa ni moja, kidonge cha bei ndogo. Tofauti ni kumeza na kutomeza.

Siku hizi ziko pia dawa za sindano zinazomzuia yule mjumbe intalukini-6, lakini bei yake ni kubwa. Figo zikishakufa inabaki mashine ya kusafisha damu au kupandikizwa figo, na sote tumeona familia zilivyouza shamba na ng'ombe kufika huko. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

MGONJWA NA RAMADHANI

Nimalizie na swali ambalo najua litaulizwa. Anayemeza dawa kila siku afanyeje mwezi huu? Jambo la kwanza, asiache dawa ili afunge bila kumuuliza mtu. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida hunywewa mara moja kwa siku, na mara nyingi daktari huweza kukupangia saa ya usiku. Mwambie mapema. Mwenye figo zilizopungua kazi, kufunga saa nyingi bila maji kunaweza kumdhuru, kwa hivyo daktari ampime kwanza. Dini yetu imemwekea mgonjwa ruhusa, na kuna kadhaa na kuna fidia kulingana na hali yake. Muulize shekhe wako ukiwa na maneno ya daktari mkononi. Mwenye ruhusa akiitumia hajapungukiwa na heshima mbele yetu. Na sisi wengine tusimtazame kwa jicho baya akinywa maji mchana.

LA KUFANYA

Kwa ufupi, ndugu zangu, nawaachia mambo matano:

1. Ukianza dozi, imalize, hata kama umejisikia mzima wiki ya pili.
2. Kidonda au mfupa unaotoa usaha zaidi ya mwezi, nenda hospitali. Usiuzoee.
3. Viungo vikivimba kila asubuhi kwa wiki sita, mtafute daktari kabla ya kununua pakiti nyingine ya dawa za maumivu.
4. Mwenye ugonjwa wa mwako wa muda mrefu, pima mkojo kila mwaka. Ukiona povu lisiloisha au miguu kuvimba, usingoje mwaka.
5. Mwenzako anayejificha na vidonda vyake, mfuate. Mshike mkono, mfuturishe, kisha mpeleke akatibiwe.

Hili la tano halihitaji elimu ya chuo kikuu. Kila mmoja wetu anamjua mtu mmoja. Pengine ni mjomba, pengine ni mwenzako wa madrasa mliyekaa naye jamvi moja. Baada ya kuifunga magazeti hii, mpigie simu leo usiku umuulize swali moja: "Ile dawa bado unameza?"

Allah awaponye wagonjwa wetu, azipokee funga zetu, na atufikishe Idi kwa amani. Wabillahi tawfiq.